Siku ya Kwanza Huku, Siku ya Tisini Nyumbani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania tunaoishi Uingereza kuna lalamiko lisilokosekana kila muhula unapoanza. Mtoto kaamka na homa, mzazi kasahau kutoa taarifa shuleni, na saa tatu na nusu asubuhi ujumbe unaingia: mwanao hajaonekana leo, tafadhali tujulishe sababu. Usipojibu, wanapiga. Usipopokea, wanampigia mtu wa pili uliyemwandika kwenye fomu. Watu wanakereka, wanasema shule za huku zinatufuatafuata.

Mimi usumbufu ule naupenda. Naomba nieleze kwa nini, ingawa majina nitakayoitwa nayajua tayari.

Shule za Uingereza huita majina mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana. Mwaka una siku 190 za masomo, kwa hiyo kila mtoto ana alama 380 za kuhesabiwa. Asiyekuwepo bila taarifa huandikiwa herufi inayoonyesha kwamba sababu haijajulikana, na herufi hiyo hairuhusiwi kukaa: ndani ya siku 5 za masomo lazima ibadilishwe, iwe ugonjwa, ruhusa au utoro. Mtoto akikosa asilimia 10 ya mahudhurio, yaani kama siku 19 kwa mwaka hata zikiwa za kudonoadonoa, anaingia kwenye orodha ya kufuatiliwa, na shule inatakiwa ionyeshe imefanya nini juu yake.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wetu una siku 194. Kanuni ya utoro, ambayo kila mwalimu anaijua kwa kichwa, ni siku 90 mfululizo: asiyefika muda wote huo bila ruhusa anahesabiwa ameacha shule na anafutwa. Tisini kati ya 194. Tena sharti la mfululizo ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto anayefika Jumatatu tu anakosa siku nne kati ya tano za wiki, lakini hesabu yake inaanza upya kila Jumatatu. Msichana anayebaki nyumbani siku 3 za hedhi kila mwezi kwa sababu choo hakina maji wala mlango, kwa miezi 10 amekosa siku 30. Huku angekuwa ameshaitwa mapema sana. Kwetu hayupo kwenye orodha yoyote.

Takwimu za elimu za serikali zina jedwali la walioacha shule pamoja na sababu zao. Mimba imo, vifo vimo, ugonjwa umo, kukosa mahitaji kumo. Safu inayozimeza zote ni utoro. Tumebishana miaka mingi kuhusu mimba, na ilikuwa haki kubishana, mpaka Novemba 2021 serikali ilipowaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Utoro unaondoa watoto wengi zaidi, wavulana kwa wasichana, na haujawahi kupata mjadala wa namna ile. Kuandika kwamba mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na daktari kuandika kwenye cheti cha kifo kwamba mgonjwa alikufa kwa kuacha kupumua. Alianza kukosa lini? Somo lipi lilikuwa limemshinda? Mara ya mwisho mwalimu alilisikiliza lini jina lake likiitikiwa? Fomu haiulizi hata moja.

Hapa najua nitaambiwa: sababu ni umaskini, wewe uliyeshiba huko unajua nini? Umaskini upo, na atakayeukana ni mwongo. Lakini vijiji viwili vinavyopakana, vyenye mvua ileile na mahindi yaleyale, vinaweza kuwa na shule mbili, moja ikibaki na watoto wake na nyingine ikiwapoteza. Umaskini peke yake hauelezi hilo. Wachumi Hanushek, Lavy na Hitomi waliliuliza swali hili kwa kutumia watoto wa shule za msingi za Misri, na mwaka 2008 wakachapisha walichokikuta: ukichukua watoto wawili wenye uwezo sawa, aliye kwenye shule inayofundisha vizuri zaidi ana uwezekano mkubwa wa kubaki. Watoto na wazazi wao wanaiona tofauti ya shule, na wanaamua kwa kuitazama. Kila asubuhi mzazi mwenye ng'ombe wa kuchungwa anapima: leo shuleni kuna kitu, au hakuna? Tunamwita mjinga mzazi huyo. Mara nyingi yeye ndiye anayeijua shule ile vizuri kuliko afisa aliye makao makuu ya halmashauri.

Anachokijua ni nini? Tuingie darasani. Darasa la kwanza na la pili, tangu mtaala wa KKK wa 2015, kazi kubwa ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kipindi kina dakika 30. Mwalimu akimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika 2 tu, watoto 45 watamchukua dakika 90, yaani vipindi 3. Anaweza kuwamaliza ndani ya siku mbili. Mpe watoto 120, na wengi wetu tunayajua madarasa ya namna hiyo, zinakuwa dakika 240: vipindi 8 vizima ambavyo hafundishi herufi mpya, hasahihishi wala hamnyamazishi mtu. Haiwezekani. Kwa hiyo anafanya kinachowezekana, anaandika ubaoni, anasoma kwa sauti, na darasa zima linaitikia.

Kuitikia ndiko kunakoficha kila kitu. Mtoto wa safu ya nyuma anaimba "ba, be, bi, bo, bu" pamoja na wenzake na anaonekana anasoma. Ukitaka kumjua, futa ubao, andika "bo" peke yake, umwite yeye peke yake. Atatazama mdomo wa jirani yake. Hakuna aliyemfanyia jaribio hilo, hivyo anapanda darasa la tatu. Huko masomo yanaongezeka na vitabu vinaandikwa kwa mtu anayejua kusoma tayari. Kuanzia hapo kila kipindi kinamdhalilisha kimyakimya. Upimaji wa darasa la nne unakuja kuthibitisha jambo ambalo yeye amelijua kwa miaka miwili. Akikariri darasa, anakariri kwa mwalimu yuleyule, ubao uleule, wanafunzi 120 walewale, huku umri unasogea na mikono inaanza kufaa kwa kazi. Anaanza kukosa siku za gulio. Halafu siku za kupanda.

Akikosa siku moja, ya pili inazalishwa na shule yenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi 4, mwalimu mkuu ndiye atoe au amwidhinishe mwingine kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma kwetu anajua kinachotokea getini: mwalimu wa zamu na fimbo, watoro na waliochelewa mstari mmoja. Mtoto aliyekosa Jumanne kwa sababu sare yake ilikuwa haijakauka anakosa Jumatano kwa kuogopa fimbo za Jumanne. Alhamisi deni limeongezeka. Ijumaa anajificha kichakani na daftari lake, jioni anarudi nyumbani kama ametoka shule. Shule ina njia ya kumwadhibu aliyerudi, haina njia ya kumpokea.

Nisieleweke kwamba nawashambulia walimu. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 katika shule za msingi za Tanzania, uliofanywa kwa ziara za kushtukiza, ulikuta takribani mwalimu 1 kati ya 7 hayupo shuleni, lakini karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani. Wengi wa waliokosekana darasani walikuwa humohumo shuleni. Watu walizipokea habari za namna hiyo kwa matusi dhidi ya walimu. Mimi naziona kama habari za uongozi. Mwalimu anajaza maazimio ya kazi na maandalio ya somo, anaandaa taarifa iliyotakiwa jana, anasahihisha madaftari 120 ambayo kwa dakika moja moja ni saa mbili, anakaa na mgeni aliyetoka wilayani. Hakuna anayepita saa nne asubuhi kuuliza darasa la pili B lina nani mbele yake. Huku mwalimu akiugua, kuna mtu ambaye kazi yake asubuhi hiyo ni kuhakikisha darasa lile lina mtu mzima ndani. Tofauti hii hainifanyi nijione bora kuliko aliyebaki. Inanikasirisha kwa sababu haihitaji akili tusiyokuwa nayo.

"Wao wana pesa." Wanazo. Lakini sisi tumeshajibu mara kadhaa kwamba pesa peke yake haitoshi. Mradi wa KiuFunza wa shirika la kiraia la Twaweza ulijaribiwa 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi, tena ikafika shuleni yote. Kundi lingine walimu waliahidiwa Sh 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lao. La tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuwaongezea watoto ujuzi uliopimika. Tena wazazi, walipoona shule ina fedha, walipunguza matumizi yao wenyewe ya elimu. Palipoungana ruzuku na ahadi kwa mwalimu, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kikubwa. Tanzania ilifanyiwa jaribio safi kuliko nchi nyingi tajiri, majibu yapo, na bado kila bajeti tunabishana kuhusu idadi ya madarasa.

Madarasa tunaweza, na nasema kwa fahari. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga vyumba 15,000 vya madarasa ndani ya miezi michache, mafundi wa vijijini wakilala kazini. Nchi iliyotangaza elimu ya msingi kwa wote 1977, ikafuta ada ya shule za msingi 2001, ikafundisha watoto kwa lugha wanayoielewa tangu siku ya kwanza, haina sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Ninapowasikia wageni huku wanaizungumzia elimu ya Afrika kama tupu, damu inanichemka. Tuliwaleta watoto mlangoni. Kinachonisumbua ni kwamba hatuhesabu wanaotokea mlango wa nyuma.

Wapo watakaosema mbona na huko watoto hawaendi shule. Kweli kabisa. Tangu Covid, karibu mtoto 1 kati ya 5 Uingereza anavuka ile asilimia 10. Taifa zima linalijua hilo, waziri anaulizwa, gazeti linaandika, kwa sababu mtoto wa siku 19 anaonekana. Faini kwa mzazi zipo pia: paundi 80 ukilipa ndani ya siku 21, vinginevyo 160. Siwapigii makofi kwa hilo. Kwetu pia kuna mgambo na mtendaji wa kata wanaokamata wazazi wa watoro, na misako hiyo hujaza darasa kwa wiki moja au mbili. Mtoto anarudishwa kwenye kipindi kilekile asichokielewa, bila mtu kuuliza alipoachwa ni wapi. Lazima atatoka tena.

Na yule wa "sisi tulikaa chini ya mti, tukala fimbo, tukafaulu": waliofaulu ndio wanaoandika. Hebu orodhesha majina 20 ya uliokuwa nao darasa la tatu, kisha jiulize wangapi ulimaliza nao. Hao wengine hawapo kwenye mjadala kukujibu.

Basi tufanye nini? Ninalopendekeza halihitaji kompyuta. Linahitaji kaunta buku moja na uongozi.

Shule ya wanafunzi 900 haiwezi kumpigia kila mzazi kama huku. Siku ya mvua wanaweza kukosekana 90 au zaidi. Kwa hiyo anza na kipimo cha siku 3 ndani ya siku 10 za masomo, ziwe mfululizo au za kudonoa. Kipimo hicho kinawaacha wenye mafua na kinawanasa wanaoanza kuteleza, wakati bado wanajua darasa limefika wapi. Majina yaitwe kabla ya kipindi cha kwanza. Hapa ndipo pa kwanza kuharibika: daftari la mahudhurio hujazwa Ijumaa kwa wiki nzima kutoka kichwani, na kichwa cha mwalimu wa watoto 120 kinawakumbuka watundu na wale wa mbele. Mtoto mkimya wa nyuma anapewa hudhurio la bure mpaka anatoweka. Dawa yake ni mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma kuingia darasa moja kila siku saa tatu, kuhesabu vichwa, na kulinganisha na daftari. Dakika tano.

Kila mtoto awe na namba mbili za simu, zihakikiwe Januari na Julai, kwa kuwa laini zetu hubadilika. Asiye na simu, taarifa ipite kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anayepiga aulize mambo matatu tu: kwa nini hakuja, somo gani linamshinda, lini anarudi. Swali la pili ndilo hatujawahi kuliuliza, na ndilo litakaloijaza kaunta buku kwa habari za kweli. Safu zake: jina, tarehe, sababu, aliyezungumza naye, siku aliyorudi, na nani alimpokea. Nani alimpokea, kwa sababu siku ya kurudi asipite kwenye mstari wa fimbo. Akae na mwalimu dakika 20, apimwe kusoma kwa aya moja, na kama ameshindwa aingizwe kwenye kikundi cha KKK kinachopangwa kwa uwezo na si kwa darasa, kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Mtoto wa darasa la tano asiyejua silabi akae na wa la pili wanaojifunza silabi. Ataona aibu siku mbili tatu. Akianza kusoma, aibu inaondoka yenyewe. Aliyekaa nje muda mrefu na umri umepita, MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ipo kwa ajili yake, mradi kuna mtu wa kumpeleka.

Fedha? Elimu bila malipo ilipoanza 2016, ruzuku ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikifika shuleni na 4,000 zikibaki juu kwa vitabu. Kwa watoto 900 shule inapata Sh 5,400,000, yaani 450,000 kwa mwezi. Ni ndogo, kiwango hicho ni cha tangu MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa 2002, wakati kilikuwa kama dola 10, na shilingi haijabaki pale. Lakini vocha ya kufuatilia watoto inatosha humo.

Kinachoweza kuua mpango mzima ni hiki: ruzuku inafuata idadi ya walioandikishwa. Mwalimu mkuu mkweli anayeripoti watoto 60 wameondoka anapunguziwa fedha, na huenda akaitwa kujieleza. Asiyesema anabaki na fedha. Mwaka 2016, serikali ilipohakiki wanafunzi hewa, yaani majina yasiyo na watoto, tuliona matokeo yake. Ilichukuliwa kama wizi mtupu, na wizi ulikuwepo, lakini mfumo wenyewe unamlipa anayenyamaza. Napendekeza TAMISEMI, wizara inayozisimamia shule hizi, isikate ruzuku ya mwaka husika kwa mtoto aliyeripotiwa ndani ya siku 10, na ikate kwa aliyegunduliwa na mkaguzi. Kila mtoto ana namba ya PREM, inayomtambulisha kwenye kumbukumbu za shule yoyote anakohamia. Jina likionekana kwenye shule nyingine, amehama, tunajua. Lisipoonekana popote, ameacha, na tunajua wiki gani. Maafisa Elimu Kata walipewa pikipiki 2018. Kazi moja ya pikipiki ile iwe kuchagua majina 10 kutoka kwenye daftari kila ziara na kwenda darasani kuzitafuta sura zake.

Sekondari sitaigusa sana, ila jambo moja siwezi kuliruka. Mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na Baiolojia kwa Kiingereza, anapewa wiki chache za masomo ya utangulizi, halafu anaachwa. Upimaji wa kidato cha pili unamsubiri. Mahudhurio ya muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza ndiyo yanayotakiwa kutazamwa kwa macho mawili, na ndiyo yanayotazamwa kidogo zaidi, kwa sababu wakuu wa shule wako bize na wanaoripoti kwa kuchelewa.

Nalisema kwa haraka kwa sababu muda umebaki mdogo. Sera mpya ya elimu imeifanya elimu ya lazima iwe miaka 10, na waliokuwa darasa la tatu 2024 watamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wa mwisho wa darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa yatajengwa, sina shaka na hilo. Nenda kwenye kikao cha wazazi kinachofuata katika shule ya kata yako, na kabla hamjafika kwenye agenda ya michango, muombe mkuu wa shule asome majina ya waliokosa siku 3 mwezi huu, na jina la mwalimu aliyezungumza na kila mmoja.